Jemadari anatakiwa ajue nini? Wagiriki wa kale waligombania hili swali kweli kweli

Kuna nukuu moja lazima umeshakutana nayo, watu wa motivesheni wanaiposti sana na chini wanaandika Thucydides, kwamba taifa likiwatenga wasomi na wapiganaji wake basi kufikiri kutafanywa na waoga na kupigana kutafanywa na wapumbavu. Nzuri, hata mimi niliwahi kuiweka status. Shida ni kwamba Thucydides hakuiandika, pekua kitabu chake cha historia ya vita vya Athens na Sparta mwanzo mwisho huipati, imetokana na maneno ya afisa wa jeshi la Uingereza anaitwa William Francis Butler, mwaka 1889, kwenye kitabu chake kuhusu maisha ya Jenerali Gordon yule aliyeuawa Khartoum.

Ila ukiangalia vizuri, aliyebambikiwa hiyo nukuu inamkaa. Thucydides kabla hajawa mwandishi alikuwa jemadari wa Athens, na alifeli. Mwaka 424 KK alikuwa kisiwani Thasos, akaletewa habari kwamba Brasidas, jemadari wa Sparta, yuko mlangoni mwa Amphipolis, mji muhimu sana kwa mbao na fedha, akatoka mbio na merikebu saba, jioni ile ile akafika, kakuta mji umeshajisalimisha. Brasidas hakupoteza muda kupiga kuta, aliwaambia tu wenyeji anayetaka kubaki abaki na mali yake, anayetaka kuondoka ana siku tano abebe vitu vyake aende. Watu wakapiga hesabu wakafungua mlango. Thucydides akaokoa bandari ya jirani, Eion, basi. Athens wakamfukuza nchi miaka 20. Haya yote anayasimulia mwenyewe, kwa mistari michache, anajiita kwa jina kama anamzungumzia mtu baki, hajitetei hata sentensi moja. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuanzia kama unataka kuwaelewa hawa watu, maana tumezoea kuwapanga kwenye makabati mawili, huku wanafalsafa wenye ndevu na huku watu wa mikuki, wakati wenyewe walikuwa wale wale, na waliokuwa wanagombania ni swali moja: jemadari anajua nini ambacho wewe na mimi hatukijui?

Swali hilo kwao lilikuwa la moto. Athens walikuwa wanachagua majemadari kumi kila mwaka kwa kunyoosha mikono, kama mnavyochagua mwenyekiti wa kikundi. Hakukuwa na chuo cha kijeshi, hakuna vyeo vya kupanda ngazi, leo unauza mafuta ya zeituni kesho unaongoza merikebu 60. Na ukikosea hawakupi barua ya onyo. Mwaka 406 KK majemadari wao walishinda vita vya majini vya Arginusae, walishinda jamani, ila dhoruba ikawazuia kuokoa mabaharia waliokuwa wanaelea na mabaki ya merikebu, wakarudi nyumbani sita wakauawa baada ya mkutano wa wananchi kuwapigia wote kura moja kwa pamoja. Siku hiyo mwanafalsafa Socrates alikuwa zamu kwenye kamati ya kuendesha kikao, akagoma, akasema kuwahukumu wote kwa mkupuo ni kinyume cha sheria. Kura ikapigwa hivyo hivyo.

Na Socrates hakuwa mtu wa kukaa kijiweni tu anauliza maswali. Alipigana vita kama mwanajeshi wa miguu mwenye ngao nzito, Potidaea, Delium na Amphipolis. Pale Delium mwaka 424 KK Athens walipigwa vibaya, kila mtu anakimbia kivyake, na jemadari mmoja anaitwa Laches alikimbia sambamba na Socrates. Anasema angekuwa kila mtu katulia kama yule, mji usingeaibika siku ile.

Maneno hayo yako kwenye kitabu cha Plato, mwanafunzi wa Socrates, chenye jina la huyo huyo Laches, na hicho kitabu kwa maoni yangu ndicho cha kuanzia, kifupi, unakimaliza mchana mmoja. Wazee wawili wametoka kuangalia maonyesho ya jamaa anayefundisha kupigana ukiwa umevaa zana zote, wanajiuliza kama wawapeleke vijana wao kwa ada. Wamewaalika majemadari wawili watoe ushauri, Nicias na Laches. Nicias anasema ni somo zuri, kijana akijua hili atataka kujua na lile mpaka afike kwenye ujemadari wenyewe. Laches anacheka. Anasema mimi nimemwona mwalimu huyo huyo siku ya kazi, sio siku ya maonyesho.

Stori yenyewe ni hii. Jamaa anaitwa Stesilaus alikuwa amebuni silaha yake spesho, mkuki uliofungwa mundu kwenye ncha. Merikebu yao ya vita ikaigonga meli ya mizigo ya adui, yeye akawa anapigana na silaha yake, ule mundu ukanasa kwenye kamba za matanga za meli ile. Akavuta, haitoki. Meli zinapishana, kwa hiyo jamaa anakimbia juu ya sitaha kashikilia kamkuki kake, meli inazidi kwenda, mti wa mkuki unamteleza mikononi mpaka kabaki kashika kitako tu. Wale wa meli ya mizigo wanapiga makofi na kucheka, mmoja akarusha jiwe likatua miguuni kwake, ndipo akaachia. Hapo hata wenzake wa merikebu yake wakashindwa kujizuia, maana mkuki-mundu unaning'inia kule kwenye meli ya adui unaenda zake.

Baada ya kucheka, Socrates anawageukia hao majemadari wawili wenye vita mwilini, anawauliza kitu chepesi kabisa, ujasiri ni nini. Na hawawezi. Laches anasema ni kusimama kwenye safu usikimbie. Socrates anamuuliza je Waskithia wanaopigana huku wanakimbia na farasi, je Wasparta pale Plataea waliorudi nyuma makusudi, adui alipovunja safu wakageuka wakammaliza? Nicias anakuja na jibu la kisomi zaidi, ujasiri ni ujuzi, kujua kipi cha kuogopa na kipi si cha kuogopa. Laches anamrukia, kwa hiyo mtabiri ndiye jasiri kuliko wote? Na katikati ya mjadala Socrates anapitisha sentensi kama haina uzito, kwamba sheria inamweka mtabiri chini ya jemadari, haimweki jemadari chini ya mtabiri.

Sasa ukisoma hiyo sentensi bila kujua kilichompata Nicias unaipita tu. Msomaji wa Plato alikuwa anajua, kitabu kimeandikwa Nicias ameshakufa zamani. Mwaka 413 KK Nicias alikuwa na jeshi la Athens kule kisiwani Sicily, wamekwama mbele ya mji wa Syracuse, watu wanaumwa homa za mabwawani, imeamuliwa waondoke usiku kimya kimya na kila kitu kimeshafungwa. Usiku wa tarehe 27 Agosti mwezi ukapatwa. Watabiri wakasema msubiri siku tisa mara tatu. Nicias, ambaye Thucydides anamwelezea kama mtu aliyezidisha kidogo mambo ya ramli, akasema basi hata kujadili hatujadili mpaka siku 27 ziishe.

Hawakupewa siku 27. Syracuse wakaziba mdomo wa bandari, merikebu za Athens zikavunjwa humo ndani kama kuku kwenye tenga, waliobaki wakaondoka kwa miguu bila maji na bila chakula. Walipofika mto Assinarus kiu ilikuwa imewatoa akili, wakajitupa mtoni, wanakanyagana, adui yuko kingo za juu anawachoma, na Thucydides anasema maji yaliharibika mara moja ila waliyanywa hivyo hivyo na tope na damu, wengi wakawa wanapigana wao kwa wao wapate kunywa. Mateka wasiopungua 7,000 wakaingizwa kwenye machimbo ya mawe, juani mchana na baridi usiku, wamerundikana na maiti, miezi minane mtu anapimiwa maji ya kikombe kidogo na nafaka vikombe viwili kwa siku. Nicias akachinjwa. Yaani yule aliyesema ujasiri ni kujua kipi cha kuogopa, siku ya siku aliogopa mwezi. Plato hasemi hivyo popote, anaiacha tu pale na kile kisentensi cha mtabiri na jemadari. Mimi huwa nasoma ukurasa ule taratibu.

Haya, tuje kwa Xenophon ambaye wanafalsafa wa vyuoni humdharau kidogo, wanasema falsafa yake nyepesi, na mimi nakataa. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Socrates na aliongoza jeshi, kwa hiyo ukimuuliza hilo swali letu ana majibu ya pande zote mbili.

Anasimulia kwamba kijana mmoja alienda kusoma ujemadari kwa mwalimu anaitwa Dionysodorus, akarudi, Socrates akamuuliza umefundishwa nini. Kupanga safu, basi? Basi. Socrates akasema hicho ndicho kipande kidogo kuliko vyote, jemadari anatakiwa ajue kutafuta chakula, awe mpole na mkali, mtoaji na mnyang'anyi, muwazi na mjanja, ingawa kupanga nako kuna maana yake, kama nyumba, mawe na vigae visivyooza vinakaa chini na juu, matofali na mbao vinakaa katikati. Kijana akafurahi, ehee, hata jeshi ni hivyo hivyo, wazuri mbele na nyuma, dhaifu katikati wavutwe na wa mbele na kusukumwa na wa nyuma. Sawa, alikufundisha kumjua mzuri na dhaifu? Hapana. Sasa itakusaidia nini, ni kama umeambiwa upange hela nzuri huku na hela bandia kule halafu hukufundishwa kuzitambua. Akamwambia rudi ukamuulize tena, kama anajua ataona aibu kukurudisha mikono mitupu wakati hela yako amekula.

Halafu kuna Nicomachides, mzee wa vita, katoka kwenye uchaguzi amekasirika, anavua nguo anaonyesha makovu, mimi hawajanichagua, wamemchagua Antisthenes ambaye hajawahi kushika ngao, anachojua ni kutafuta pesa. Socrates anamwambia mbona hilo ni zuri, atawalisha askari. Na kila alipodhamini kundi la waimbaji lilishinda, wakati yeye mwenyewe kuimba hajui, kwa sababu alitafuta wanaojua. Usidharau watu wanaoendesha nyumba zao vizuri, anasema, tofauti ya nyumba na mji ni ukubwa tu. Nadhani Nicomachides aliondoka na hasira zake, na sidhani kama Socrates yuko sahihi kwa asilimia mia, ila ona jinsi swali linavyogeuzwa, kutoka kwenye mkuki kwenda kwenye watu na ugali wao.

Mwaka 401 KK Xenophon akapata mwaliko wa kujiunga na mamluki wa Kigiriki, zaidi ya elfu kumi, waliokodiwa na Cyrus mdogo, mwana wa mfalme wa Uajemi aliyetaka kumpokonya kaka yake kiti. Akamuuliza Socrates, Socrates akasema nenda kwanza Delphi kwenye hekalu la utabiri ukamuulize mungu Apollo. Akaenda. Ila badala ya kuuliza niende nisiende, akauliza nitoe sadaka kwa miungu gani ili nisafiri salama. Ujanja wa mtoto anayeuliza "mama nivae viatu gani nikienda disko". Socrates alimgombeza, akamwambia basi kwa kuwa umeshauliza hivyo, nenda.

Cyrus akauawa kwenye vita karibu na Babeli, vita vya kwanza tu. Majemadari watano wa Kigiriki wakaalikwa kwa mazungumzo na gavana wa Uajemi, wakakamatwa, wakauawa. Jeshi likabaki katikati ya nchi ya adui, halina wakubwa, usiku watu wengi hawali wala hawawashi moto, na Xenophon ambaye hakuja kama ofisa wala kama askari anaamka anawaambia wenzake tuchague wengine sasa hivi kabla hakujacha. Akawa mmoja wao, akapewa mkia wa jeshi, sehemu inayoumia kuliko zote.

Na kitabu chake kuhusu safari ile kina kitu ambacho vitabu vya mikakati vya leo havina, anaandika makosa yake. Siku ya kwanza aliwafukuza wapiga mishale wa adui kwa miguu, hakushika hata mmoja, jeshi zima siku nzima likatembea kama kilomita nne na nusu tu, wenzake wakamlaumu, akasema mna haki. Usiku ule ule akakumbuka kwamba humo jeshini kuna watu wa kisiwa cha Rhodes, na Wagiriki wote wanajua watu wa Rhodes na makombeo yao, adui anarusha jiwe la kujaa ngumi linafika karibu, wao wanarusha kipande kidogo cha madini ya risasi kinaenda mara mbili yake. Kesho yake wakawa na warusha kombeo 200 na wapanda farasi 50 waliokusanywa kutoka kwenye farasi wa mizigo. Kambi ile ile, watu wale wale, ila mtu amekaa akakumbuka nani anajua nini.

Kuna siku nyingine wanakimbizana na Waajemi kuwahi kilele cha mlima. Xenophon yuko juu ya farasi, anahamasisha, jamani hizi ni mbio za kwenda Ugiriki, kwa wake na watoto. Askari mmoja, Soteridas wa Sicyon, akamjibu, hatuko sawa Xenophon, wewe umepanda farasi mimi nabeba ngao hii nimechoka. Xenophon akaruka chini, akamsukuma jamaa nje ya mstari, akamnyang'anya ngao akaanza kupanda nayo, na alikuwa amevaa dirii ya mpanda farasi, nzito ile, kwa hiyo anahema, anawaambia wa mbele twendeni na wa nyuma nipiteni maana anashindwa. Askari wakaanza kumpiga Soteridas na kumrushia mawe na matusi mpaka akaichukua ngao yake mwenyewe. Halafu Xenophon akapanda farasi tena. Hilo la mwisho ndilo linanifurahisha, hakujifanya shujaa mpaka juu, palipofaa farasi alipanda farasi. Na kileleni waliwahi wao.

Kama unataka mtu wa vitendo kabisa kuna Aeneas, wanamwita Aeneas Tacticus, karne ya nne KK, kilichobaki ni kitabu chake cha jinsi ya kuokoka mji ukizingirwa. Humo utakuta adui akichimba handaki chini ya ukuta mwachie manyigu na nyuki humo ndani. Utakuta jinsi ya kutuma barua ya siri kwa kuweka vidoti kwenye herufi za kitabu cha kawaida. Utakuta kwamba mkipungukiwa wanaume wavalisheni wanawake kijeshi na masufuria ya shaba wapite ukutani, ila msiwaruhusu warushe kitu, eti mwanamke akirusha anajulikana hata kutoka mbali (dada zetu wa netiboli mnisamehe, ni maneno yake). Ila kurasa nyingi zinahofia aliye ndani, walinzi wa komeo la lango, wenye ndugu waliofukuzwa mji, na wenye madeni. Anashauri kabisa kwamba mji ukiwa hatarini wapunguzieni wadaiwa riba, au ifuteni, maana hakuna anayefungua lango usiku kama mtu anayedaiwa. Yule Brasidas wa Amphipolis angemwelewa sana.

Baadaye mambo yakageuka. Wakatokea wanafalsafa wa kuandika vita bila kuviona. Cicero, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba Hannibal, yule jemadari wa Carthage aliyepigana na Roma, akiwa uhamishoni Ephesus alipelekwa kumsikiliza Phormio, mwanafalsafa wa shule ya Aristotle, akazungumza masaa kadhaa juu ya kazi ya jemadari, watu hoi kwa furaha. Wakamuuliza Hannibal vipi. Akasema nimeona wazee wengi waliopungukiwa akili ila huyu amezidi wote. Asclepiodotus naye, anayedhaniwa alikuwa mwanafunzi wa mwanafalsafa Posidonius, ameandika jeshi lake lina watu 16,384. Kwa nini 16,384? Kwa sababu unaweza kuligawa kwa mbili, na tena, na tena, mpaka ubaki na mtu mmoja. Jeshi zuri sana la kwenye karatasi, haliumwi homa, halina Soteridas.

Onasander wa karne ya kwanza BK, mfuasi wa Plato aliyemwandikia kitabu Mroma Quintus Veranius, simweki kwenye kundi hilo moja kwa moja. Ana orodha ya sifa za jemadari, asiwe na tamaa ya pesa, asiwe kijana sana wala mzee sana, ajue kuongea, na ikiwezekana awe baba wa watoto. Ukisoma unaona bado anajibu swali la Socrates, kumtambua mtu mzuri.

Na mwishoni kabisa Arrian, mzaliwa wa Nicomedia, ambayo leo ni Izmit kule Uturuki. Ujanani alikaa miguuni kwa mwanafalsafa Epictetus, mtumwa wa zamani aliyekuwa anafundisha Nicopolis, na tunayoyajua ya Epictetus tunayajua kwa sababu Arrian alikuwa anaandika notsi. Utu uzima wake akawa gavana wa Cappadocia, jimbo la Roma, chini ya mfalme Hadrian, na kama mwaka 135 BK wapanda farasi wa Kialani, kabila la wahamaji, wakatishia mpaka. Karatasi yake ya kupanga jeshi dhidi yao imebaki. Safu nane, nne za mbele mikuki mirefu, ncha zielekezwe vifuani mwa farasi. Kimya mpaka adui afike umbali wa kurushiwa, halafu kelele kubwa kuliko zote kwa pamoja. Na mkuu wa jeshi lote, ambaye ni yeye mwenyewe Arrian, kwenye ile amri hajamwita Arrian. Amemwita Xenophon, na amemwandikia kazi yake: apite safu yote aangalie walivyojipanga, walioharibu mstari awanyooshe, waliokaa vizuri awasifu.